Kutafuta Kazi ya Udaktari Katikati ya Dar es Salaam

Daktari aliyemaliza utarajali Dar es Salaam huwa na shahada aliyoisomea miaka mitano, cheti cha mwaka mmoja wa mazoezi wodini na, mara nyingi, deni la Bodi ya Mikopo. Anachotafuta sasa ni kazi, na katikati ya jiji milango ya kubisha ni mingi. Kutoka makutano ya Msimbazi na Uhuru, pale Kariakoo, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mwendo mfupi wa miguu. Upande wa Upanga kuna Muhimbili, na ndani ya eneo lake Taasisi ya Mifupa (MOI) na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Upanga hiyohiyo ina Regency na Tumaini, mjini kuna Hindu Mandal na Burhani, na pwani kuna Aga Khan, iliyofunguliwa 1964, pamoja na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Amana iko Ilala. Juu ya hizo zote kuna zahanati, polikliniki na maabara zilizobanana ghorofani, juu ya maduka ya vitenge na vipuri.

Wingi huo wa milango humfanya kijana aingie wa kwanza uliofunguka. Wengine huvutwa na jina la hospitali, wengine na tarakimu ya mshahara, wengine na ukaribu wa nyumbani. Yote matatu yana uzito wake, lakini lipo swali linalopaswa kuyatangulia: saa nane usiku, mgonjwa akizidiwa na daktari akapiga simu, nani anakuja? Miaka miwili au mitatu ya kwanza baada ya utarajali ndiyo inayomjenga daktari au kumharibu. Mahali pasipo na mtu wa kumwita, makosa hurudiwa mpaka yakawa mazoea, na hakuna wa kuyaona ila mgonjwa.

Kabla ya kubisha hodi popote, makaratasi yawe tayari. Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia taaluma hizi, humpa mhitimu usajili wa muda kwa ajili ya utarajali, kisha usajili kamili akimaliza na kutimiza masharti. Usajili peke yake hautoshi. Leseni ya kutoa huduma inapaswa kuwa hai, na kuihuisha kunahitaji alama za mafunzo endelevu. Wapo wanaokaa nyumbani miezi minane wakisubiri ajira bila kuhudhuria semina hata moja, kisha nafasi ikitokea leseni imekwisha muda na alama hazijafika. Neno Tanganyika katika jina la Baraza lina maana yake pia: anayetaka kufanya kazi Unguja au Pemba atalazimika kusajiliwa na baraza la Zanzibar.

Majina nayo huponza watu. Cheti cha kuzaliwa kikisema Saidi, cha kidato cha nne Said, na kitambulisho cha NIDA kikiongeza jina la babu, mfumo wa maombi haujali kwamba mtu ni yuleyule. Hati ya kiapo au ya kubadili jina itafutwe mapema, wakati hakuna tangazo linalokimbizana na tarehe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Vinatakiwa vyeti vyenyewe. Barua ya maombi iwe na sahihi. Ni jambo dogo, lakini mtu anaweza kuachwa nje ya usaili kwa sababu hiyo tu.

Ajira ya serikali ilikuwa ikipatikana kwa njia mbili kubwa. Hospitali ya Taifa, taasisi na wizara hutangaza nafasi kupitia Sekretarieti ya Ajira. Halmashauri, yaani hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati, zilikuwa zikipata watu wa afya kupitia mfumo wa TAMISEMI. Nafasi hutoka kwa vipindi, kufuatana na vibali na bajeti, na dirisha la maombi hufunguliwa kwa siku chache. Aliyefaulu usaili akakosa nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye, hata akiwa ameshasahau kwamba aliomba. Kwa hiyo namba ya simu iliyoandikwa kwenye maombi isibadilishwe ovyo.

Historia ya karibuni inaonyesha jinsi nafasi zinavyoweza kutokea bila kutarajiwa. Mwezi Machi 2017, baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, serikali ya Tanzania ilikubali kupeleka huko madaktari 500. Shauri likafunguliwa mahakamani Kenya na mpango ukakwama. Rais John Magufuli akaagiza madaktari 258 walioomba na kukidhi vigezo waajiriwe hapahapa nchini. Walionufaika ni wale ambao vyeti vyao vilikuwa tayari wakati tangazo linatoka. Aliyekuwa bado anahangaikia leseni hakuhesabiwa.

Anayeingia serikalini kama Daktari Daraja la Pili huanzia ngazi ya mshahara ya TGHS E. Hatajirika kwa hiyo, lakini mshahara una utaratibu, kuna kuthibitishwa kazini baada ya muda wa majaribio, kuna pensheni ya PSSSF, na kuna jambo ambalo sekta binafsi huliweza kwa nadra: ruhusa ya kwenda kusomea ubingwa huku ajira ikibaki. Ugumu wake ni kituo. Wengi hawapangiwi Amana wala Temeke wala Mwananyamala. Hupangiwa halmashauri za mbali, ambako daktari huyo mmoja anaweza kuwa ndiye mganga mfawidhi, mpasuaji na msimamizi wa dawa kwa wakati mmoja.

Mtoto wa Kariakoo au Magomeni akisikia jina la wilaya asiyowahi kuikanyaga, la kwanza kumjia ni kukataa. Ni vema asikimbilie kukataa. Hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, damu salama na daktari mzoefu mmoja aliye tayari kufundisha, itampa katika miaka miwili mikono ambayo Dar es Salaam haitampa kwa sita. Huko atafanya upasuaji wa uzazi mwenyewe, atatoa ngiri iliyokaba, atatibu kifafa cha mimba bila kupanga foleni nyuma ya madaktari wanaosomea ubingwa. Tofauti iko kwenye yule daktari mzoefu. Akiwepo, wilaya ni shule. Asipokuwepo, kijana anabaki peke yake na rejista ya vifo. Kabla ya kuripoti, apige simu kwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi wa hospitali hiyo, aulize upasuaji hufanyika mara ngapi kwa wiki na nani anaufanya. Wauguzi husema kweli kuhusu mambo haya.

Hospitali za mashirika ya dini zinastahili kufikiriwa kwa uzito kuliko zinavyofikiriwa mjini. Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, Peramiho, Ndanda na Haydom zimekuwa zikifundisha madaktari kwa miongo mingi, na baadhi ya hospitali za namna hii hupokea watumishi wanaolipwa na serikali. Nidhamu ya kazi huko ni kubwa, raundi ya asubuhi haikosekani, na mara nyingi kuna nyumba. Kwa anayetaka kujifunza upasuaji au magonjwa ya watoto kabla ya kurudi kusoma, si rahisi kupata mahali panapozidi hapo.

Sekta binafsi ya Dar es Salaam ina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali na kliniki za kibiashara. Zilizoendelea zilikuwa za mashirika yaliyoidhinishwa. Marekebisho ya 1991 ndiyo yaliyofungua mlango, na kliniki nyingi zinazoonekana leo Upanga, mjini na Kariakoo zilizaliwa baada ya hapo. Kwa hiyo daktari anakuta sokoni vitu viwili visivyofanana vikiitwa kwa jina moja: hospitali kubwa zenye mabingwa, chumba cha wagonjwa mahututi na idara ya rasilimali watu, na vyumba vitatu vya ghorofani vyenye mmiliki anayekaa mwenyewe karibu na dirisha la malipo.

Katika hospitali kubwa binafsi, daktari wa kawaida huitwa daktari wa zamu au wa wodi. Huwapokea wagonjwa, huandika, hufuatilia vipimo na kumsubiri bingwa. Kazi ni safi na mafunzo yapo, kwa sharti kwamba mabingwa wanafika na wanaeleza wanachokifanya. Hatari yake ni kugeuka karani wa bingwa. Baada ya miaka mitatu daktari anajikuta anajua kujaza fomu za bima kwa ufasaha, lakini hajatoboa kifua kuweka mrija tangu utarajali. Anayeingia huko aulize mapema ataruhusiwa kufanya nini kwa mkono wake, na chini ya nani.

Aulize pia juu ya bima. Hospitali nyingi za mjini zinaishi kwa malipo ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999, na kampuni binafsi za bima. Malipo yakichelewa au bei zikibadilishwa, mshahara wa daktari hutikisika kabla ya kitu kingine chochote. Machi 2024 watoa huduma binafsi walivutana hadharani na Mfuko juu ya kitita kipya cha mafao, na baadhi ya hospitali zikasitisha kuwahudumia wanachama wake kwa muda. Daktari anayesaini mkataba na hospitali inayotegemea mlipaji mmoja ajue kwamba na yeye anamtegemea mlipaji huyo. Swali la kuuliza kwenye usaili, kwa adabu lakini bila kuzunguka, ni hili: katika miezi 12 iliyopita mishahara ilitoka tarehe ngapi? Jibu likija kwa kigugumizi, amtafute daktari anayefanya kazi hapo, amuulize nje ya jengo.

Kariakoo yenyewe inahitaji maelezo yake. Eneo lilipata jina kutoka kwa kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo kazi kubwa ya mwili pale ni kubeba. Kliniki ya ghorofa ya kwanza kwenye mtaa kama Narung'ombe au Mkunguni ina wagonjwa wake maalumu. Alfajiri hupanda ngazi mbeba mizigo mwenye kiuno kilichokaza, amefunga shuka tumboni na hataki kulala kitandani kwa sababu akilala kuinuka ni kazi. Baada yake mama lishe aliyemwagikiwa mafuta mkononi, amepaka dawa ya meno, naye anataka kumaliza haraka kwa sababu sufuria liko jikoni na msaidizi wake ni mtoto. Adhuhuri huja mfanyabiashara kutoka Lubumbashi au Lusaka, presha 190 kwa 110, anataka dawa za miezi mitatu maana basi lake linaondoka jioni. Jioni, maduka yakifungwa, huja wauzaji wenyewe, miguu imevimba kwa kusimama, sukari haijapimwa tangu mwaka jana.

Hii ni tiba ya kweli, na daktari anayeifanya kwa moyo hujifunza presha, kisukari, kifua kikuu, majeraha na magonjwa ya zinaa kwa kina ambacho wodi hazimpi. Wagonjwa wa Kariakoo wana sifa nyingine: hurudi. Wako sokoni kila siku, kwa hiyo daktari huona matokeo ya dawa aliyoandika, jambo ambalo daktari wa chumba cha dharura haoni. Kifaransa kidogo kinasaidia kwa wageni wa Kongo. Subira ya kueleza kwa nini dawa ya presha haiachwi mtu akishajisikia vizuri inasaidia zaidi ya Kifaransa.

Ubaya wa baadhi ya kliniki za namna hii uko kwenye hesabu za mmiliki. Palipo na mpango wa kumlipa daktari asilimia ya vipimo anavyoandika, kila homa huishia kwenye Widal, kila Widal huishia kwenye taifodi, na kila taifodi huishia kwenye sindano za seftriaksoni za siku tano. Kipimo cha Widal kikisomwa mara moja tu hakitoshi kuthibitisha taifodi. Kila daktari alifundishwa hivyo, na kila daktari aliyefanya kazi mjini amewahi kuombwa asikumbuke. Mbeba mizigo anayelipwa kwa siku hutoa mapato ya siku kadhaa kwa ugonjwa asiokuwa nao. Kazi inayolipa kwa asilimia ya vipimo na dawa ikataliwe, hata kama mshahara wake wa msingi unapendeza. Si rahisi kuikataa wakati kodi ya chumba imefika, lakini mazoea hayo humganda daktari na kumfuata hadi kwenye hospitali nzuri.

Lipo jambo jingine ambalo kijana huombwa kwa lugha tamu: kuazima jina. Kituo binafsi kinahitaji daktari anayetambulika kuwa mfawidhi ili kisajiliwe na Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Mmiliki hutoa fedha kila mwezi, cheti kinatundikwa ukutani, na daktari haonekani pale ila siku ya ukaguzi. Mgonjwa akifa mikononi mwa mtu asiyesomea, jina lililo ukutani ndilo litakaloitwa mbele ya Baraza. Anayepewa ufawidhi aukubali pale tu ambapo yupo kazini, anajua nani anatibu vyumba vingine, na ana mamlaka ya kumzuia.

Kabla ya kukubali kazi yoyote ya mjini, daktari atembelee kituo mara mbili, mchana na usiku. Ziara ya usiku ndiyo inayosema. Aangalie kama mtungi wa oksijeni una gesi na kipimo chake kinasoma. Kama kwenye kabati la dharura kuna adrenalini, glukosi na magnesiamu, na tarehe zake hazijapita. Kama mfuko wa kupumulia wa mtoto upo, maana mara nyingi huwa ni wa mtu mzima peke yake. Aulize gari la wagonjwa linalalaje: lipo na dereva, au huitwa teksi? Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili ni karibu, lakini jioni, magari yakiwa yamefunga Msimbazi, karibu huwa mbali. Aombe kuona rosta ya mwezi uliopita, si ya mwezi ujao. Ya mwezi ujao ni ahadi. Ya mwezi uliopita huonyesha nani alikuwa kazini usiku wa Jumamosi, na kama jina la bingwa liliandikwa au nafasi iliachwa tupu.

Kwenye usaili, wengi hujibu tu. Daktari anayo haki ya kuuliza, na hospitali inayojiheshimu hufurahi. Je, vifo hujadiliwa? Mara ngapi, na nani huongoza kikao? Daktari aliyetangulia kwenye nafasi hii aliondoka kwa nini, na anapatikana wapi? Nani hutoa uamuzi wa mwisho wa kumpa mgonjwa rufaa: daktari au mhasibu? Ikibainika kwamba mgonjwa asiye na fedha husubiri mhasibu hata akiwa anatoka damu, usaili umekwisha, iwe wenyeji wameuona umekwisha au la.

Mkataba usomwe nyumbani, si mbele ya meza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki. Muda wa ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida na hauzidi saa 50 katika kila wiki nne, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi siku 84, na siku 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wataalamu wanaweza kuajiriwa kwa mkataba wa muda maalumu, na wengi wa mjini huajiriwa hivyo, mwaka mmoja au miwili. Aliye na chini ya miezi sita kazini hana kinga ileile dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo miezi hiyo asijifunge kwa mkopo mkubwa wa benki. Migogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa anayedai kuachishwa kazi isivyo halali muda wa kufungua shauri ni siku 30. Wengi huupoteza wakisubiri mmiliki atulize hasira.

Tarakimu ya mshahara inayotajwa kwa mdomo ichambuliwe kabla ya kushangiliwa. Ni ghafi au ni ya kuchukua nyumbani? Kodi itakatwa, mchango wa NSSF upo, ambao kwa jumla ya mwajiri na mwajiriwa ni asilimia 20, na aliyesomeshwa kwa mkopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya Bodi ya Mikopo. Mwajiri anayependekeza mshahara mdogo kwenye mkataba na fedha nyingine ndani ya bahasha anapunguza michango ya uzeeni ya daktari, pamoja na kiwango atakachokiona siku ya kudai haki. Daktari aulize pia nani analipia ada ya leseni na mafunzo endelevu, na kama kuna kinga ya kisheria iwapo mgonjwa atashtaki. Hospitali chache hutaja jambo la mwisho hilo zenyewe.

Wakati wa kusubiri ajira, wengi huishi kwa vibarua vya zamu, ambavyo wenyewe huviita lokamu: usiku mmoja Upanga, mbili Mbagala, Jumapili nzima Tegeta. Malipo ya huduma za namna hii hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na risiti za makato hayo zitunzwe. Vibarua vina faida ya kumwonyesha kijana hospitali nyingi kwa ndani kabla hajachagua moja. Lakini havimfundishi, kwa sababu hakuna anayemfuatilia. Hajui mgonjwa aliyemlaza usiku aliamkaje. Anayeishi hivyo ajiwekee kikomo cha muda, na ajizuie kuunganisha zamu tatu za usiku kwa kusafiri na mwendokasi ya alfajiri kutoka kituo hadi kituo. Mkono wenye usingizi huandika dozi ya mtu mzima kwa mtoto.

Wengine hujitolea bila malipo, au kwa nauli tu, katika hospitali za serikali. Hilo ni zito kwa mtu mwenye shahada, na nchi inayohitaji madaktari haipaswi kulizoea. Mgomo mkubwa wa 2012 ulianza na madai ya watarajali juu ya posho zao. Fedha ndogo inayocheleweshwa kwa mtu anayekesha ina uchungu wa pekee. Hata hivyo, kwa aliyeamua kujitolea, masharti mawili yalindwe: awe na barua ya kituo inayotaja tarehe, idara na msimamizi, kwa sababu inaweza kuhesabiwa kwenye maombi ya ajira; na awe kwenye idara yenye bingwa. Kujitolea kwenye kituo kisicho na wa kumfundisha ni kufanya kazi bure tu.

Ubingwa ubaki machoni tangu mwanzo, maana kazi ya kwanza huchaguliwa vizuri zaidi na anayejua anakwenda wapi. Anayetaka upasuaji achague mahali penye chumba cha upasuaji, hata kama mshahara ni pungufu. Anayetaka magonjwa ya ndani anaweza kujengwa vizuri na wodi za Amana au Temeke, au na kliniki nzuri ya Kariakoo yenye maabara ya kuaminika. Masomo ya uzamili Muhimbili huchukua miaka mitatu au zaidi, na fedha ya kuishi kipindi hicho ndiyo huwarudisha wengi nyuma. Mtumishi wa serikali aliyethibitishwa anaweza kuomba ruhusa ya masomo; wa binafsi atalazimika kuweka akiba au kutafuta ufadhili. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua gari.

Kuhusu kwenda nje, mawakala wa Ghuba huzunguka na ahadi. Nchi za huko hutaka vyeti vihakikiwe kutoka vilikotolewa na daktari afaulu mtihani wa leseni, na nafasi nyingi hutaka uzoefu baada ya utarajali. Wakala anayeomba fedha kwanza, au anayeomba vyeti halisi avishike yeye, aachwe. Uingereza imeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri na mawakala hawaruhusiwi kwenda kusaka wahudumu wa afya. Daktari mwenyewe anaweza kuomba moja kwa moja. Kwa hiyo anayejitambulisha Kariakoo kama mwajiri wa hospitali za huko anastahili kutiliwa shaka tangu salamu.

Siku ya kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine itafika kwa karibu kila mmoja. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi, na hubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Aombe cheti cha utumishi kinachotaja idara na tarehe. Kisha akae na daktari anayempokea, wapitie pamoja faili za wagonjwa wa kudumu, mmoja baada ya mwingine: yule mwenye presha wa duka la vyombo anayesahau dawa za jioni, yule mama wa Congo Street mwenye kisukari asiyependa kusema kwamba dawa zimemwishia, yule mbeba mizigo anayesubiri picha ya mgongo. Wajulishwe jina la anayekuja, na wikendi ya kwanza simu ya aliyeondoka iwe hewani.